Soseji za Kijerumani: usiwashe moto kabla hujajua imetoka ukoo gani

Kisu Kikali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mambo mawili yananikera nikimwona mtu anapika soseji ya Kijerumani. La kwanza ni kuitoboatoboa kwa uma. La pili ni kuitumbukiza kwenye maji yanayotokota mpaka ngozi inapasuka, utamu wote unabaki kwenye sufuria, halafu mtu anatangaza kwamba Wajerumani hawajui kula. Mimi niko Thüringen, jimbo la katikati ya Ujerumani, kazi yangu ni bucha, na fani nimeisomea hukuhuku miaka mitatu kama utaratibu wao unavyotaka. Nimeona nilete uzi tuliweke sawa hili jambo.

Ukizihesabu soseji za Ujerumani kwa majina ya miji utapotea, maana kila mji una yake na kila mji unaamini wengine wanabahatisha. Mchinjaji hahesabu hivyo. Anauliza swali moja: moto uliingia wakati gani? Ukishapata jibu, na namna ya kuipika umeijua.

Kuna ukoo ambao moto haujaugusa kabisa, unaitwa Rohwurst. Nyama mbichi, mafuta, viungo, chumvi ya nitriti (ya kuhifadhi nyama), mara nyingi na bakteria wa kuchachusha. Inaning'inizwa, inachachuka, inapoteza maji taratibu, nyingine inapigwa moshi baridi. Humo mna salami yao, Landjäger, Teewurst ya kupaka kwenye mkate, na Ahle Wurst ya kaskazini mwa Hessen inayoanikwa kwa miezi. Hizi unakata unakula. Ukizikaanga umezionea.

Kuna Kochwurst, ambayo sehemu kubwa ya vitu vyake huchemshwa kabla ya kuingia kwenye utumbo. Nyama na ngozi ya nguruwe huiva kwanza, ndipo zisagwe na ini au zichanganywe na damu, zijazwe, zipikwe tena. Leberwurst, ya ini, na Blutwurst, ya damu, ziko hapa.

Halafu kuna Brühwurst, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Nyama mbichi inasagwa laini kabisa kwenye mashine inayoitwa Kutter, yaani bakuli pana linalozunguka huku visu vikipita ndani yake kwa kasi ya kutisha. Unatia nyama, unatia chumvi, unatia barafu iliyovunjwa. Wengi wanadhani barafu ni ujanja wa kuongeza uzito. Siwatetei wote, wapo wanaouza maji kwa bei ya nyama, lakini kazi kubwa ya barafu ni kupooza. Visu vinapasha nyama kwa msuguano, na rojo la nyama likipanda kupita nyuzijoto 12 hivi, mafuta yanalainika na kuanza kujitenga. Chumvi nayo inaifungua protini ya msuli. Protini hiyo ndiyo inayoshika maji na kuyazingira mafuta yasikimbie. Rojo likikubali utaliona linang'aa na kushika mkono. Likikataa, hakuna dua. Soseji itatoka na mchanga ndani na kidimbwi cha mafuta juu.

Baada ya kujazwa, inaivishwa kwenye maji ya nyuzijoto 70 mpaka 80. Hayachemki hata kidogo. Protini inashikana, rojo linakuwa kitu kimoja unachoweza kukata kwa kisu. Wiener, Frankfurter, Bockwurst, Lyoner, Weißwurst, zote ni ndugu hawa. Kwa hiyo unapoinunua dukani imeshaiva. Wewe unaipasha tu: chemsha maji, zima moto, subiri kidogo, tumbukiza, funika, dakika kama kumi. Imeisha hiyo.

Bratwurst, ile ya kuchoma, je? Bratwurst ina uraia pacha. Ipo inayouzwa mbichi na ipo iliyokwishaivishwa kwenye maji. Ukiona ni laini na ina rangi ya waridi, ni mbichi: moto wa wastani, geuza mara kwa mara, na usiile mpaka ndani ifike nyuzijoto 70 na kidogo. Ukiona ni ngumu kiasi na nyeupe ya kijivu, imeshaiva, unatafuta rangi tu. Ile ngozi usiitoboe kwa sababu yoyote ile. Mafuta yakidondokea mkaa yanawaka, soseji inapata masizi nje na ukavu ndani.

Karibuni kwa maswali.

dogo_wa_Bukoba

Mkuu shusha nondo. Ila naomba ufafanue, Frankfurter na Wiener si kitu kilekile? Huku zote tunaita soseji za kopo.

Kisu Kikali

Dogo, ugomvi wa hizo mbili una zaidi ya miaka mia mbili. Frankfurter yenyewe ni nguruwe mtupu, imepigwa moshi, na Ujerumani jina hilo linalindwa: lazima itoke Frankfurt na vitongoji vyake. Sasa alikuwepo mchinjaji mmoja, Johann Georg Lahner, aliyejifunza kazi Frankfurt kisha akahamia Vienna. Mwaka 1805 akaanza kuuza ya kwake aliyochanganya nguruwe na ng'ombe. Frankfurt chama cha wachinjaji kilikuwa hakiruhusu mchanganyiko huo, Vienna hawakujali. Matokeo yake Wajerumani wanaiita Wiener, yaani ya Vienna, na watu wa Vienna wanaiita Frankfurter. Kila mmoja anamsingizia mwenzake mtoto.

Ile ya kopo ni habari nyingine, tusiiingize kwenye kikao hiki.

Mama Nuru

Asalaam aleykum. Mwanangu Kisu Kikali, Mungu akubariki kwa elimu. Mimi niko Frankfurt kwa binti yangu, tumekuja kulea mjukuu. Sisi ni Waislamu. Kila soseji nikiuliza naambiwa nguruwe. Hakuna ambayo mtu kama mimi naweza kuila?

Kisu Kikali

Waaleykum salaam mama, shikamoo. Pongezi kwa mjukuu.

Uko kwenye mji wenyewe. Frankfurt kuna Rindswurst, ya ng'ombe mtupu. Ilianzishwa 1894 na bucha la Gref-Völsings, mume na mke, kwa sababu jirani zao wengi walikuwa Wayahudi na walikuwa hawali nguruwe. Mpaka leo ni chakula cha mji. Ila mama, ng'ombe si lazima awe halali. Ni suala la machinjo, na sheria ya Ujerumani inataka mnyama atiwe ganzi kabla ya kuchinjwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mchinjaji Muislamu anaweza kupewa msamaha wa sheria hiyo kwa sababu ya dini, lakini vibali havitolewi kirahisi. Kwa hiyo njia nyepesi kwako ni maduka ya Waturuki. Waulizie sucuk, soseji ya ng'ombe iliyochachuka, ina kitunguu saumu na bizari ya pilau, wanaikaanga na mayai asubuhi. Wanazo na Wiener za ng'ombe na za kuku zenye alama ya halali.

Tahadhari mbili. Soseji iliyoandikwa Geflügel, yaani ya kuku au bata mzinga, inaweza kuwa imetiwa mafuta ya nguruwe. Mwambie binti asome maandishi madogo ya nyuma, atafute neno Schwein. Ya pili ni ngozi yenyewe: Wiener nyingi zimevalishwa utumbo wa kondoo, lakini Bratwurst nene kwa kawaida ni utumbo wa nguruwe hata kama nyama ya ndani ni nyingine.

Mama Nuru

Allahu akbar, kumbe kwenye kuku! Ahsante mwanangu. Kesho naenda kwa Mturuki.

Njoro254

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Kisu Kikali umeandika vizuri lakini hiyo Blutwurst yenu mnaifanya iwe kitu kikubwa. Hiyo ni mutura. Sisi jioni pale stendi mutura inachomwa, unakatiwa kwa kisu kwenye ubao, kachumbari pembeni, chumvi, shilingi ishirini. Mzungu akiiweka jina refu inakuwa utamaduni?

Kisu Kikali

Njoro hapo umenigusa, na sibishani nawe kwenye utamu. Ila zinatofautiana katika kitu kinachozishikilia. Mutura inategemea nyama na matumbo yaliyokatwakatwa, damu inaunganisha. Blutwurst inategemea ngozi ya nguruwe iliyochemshwa mpaka ikalegea. Ikipoa inaganda, ndiyo maana unaweza kuikata vipande vyembamba ikiwa baridi na haimeguki. Viungo ni pilipili manga, marjorani, mara nyingi karafuu. Wewe mutura unaimalizia kwenye mkaa, wao wanaimalizia kwenye maji.

Watu wa Köln wanaikaanga na kuipakua na viazi vya kuponda na tofaa lililopikwa. Jina la chakula hicho ni "mbingu na ardhi": tofaa limetoka juu, kiazi kimetoka chini. Ukijaribu mutura na viazi vya kuponda uniambie.

Njoro254

Tofaa na damu? Hapana. Baki nayo.

dogo_wa_Bukoba

Sasa mkuu wewe uko Thüringen, ipi ndiyo baba lao? Maana nasikia na Nürnberg nao wanatamba.

Kisu Kikali

Dogo, unataka niandamwe huku nilipo.

Thüringen tuna karatasi. Mwaka 1404, kwenye daftari la matumizi la nyumba ya watawa wa kike mjini Arnstadt, kumeandikwa malipo ya utumbo wa kutengenezea Bratwurst. Mwaka 1432 wachinjaji wa Weimar wakawekewa kanuni kuhusu nyama gani iingie na ipi isiingie. Nürnberg wao wanajitapia 1313. Mimi nala mshahara wa Thüringen kwa hiyo msimamo wangu mnaujua.

Kiuhalisia ni vitu viwili tofauti. Ya Thüringen ni ndefu, angalau sentimita 15, ina marjorani, kisibiti, kitunguu saumu. Inachomwa kwenye mkaa, wavu unapakwa kwanza kipande cha mafuta ya nguruwe ili isigande, inakunjwa kwenye mkate ambao ni mfupi kuliko soseji, unapaka haradali. Sosi ya nyanya omba ukiwa umejiandaa kutukanwa. Ya Nürnberg ni kidole tu, sentimita 7 hadi 9, gramu 20 hadi 25, utumbo wa kondoo, inachomwa kwa kuni za mti uitwao Buche. Huagizi moja, unaagiza sita, nane, kumi au kumi na mbili kwenye sahani ya bati, na kabichi iliyochachushwa pembeni. Barabarani wanakuwekea tatu kwenye mkate wa duara. Zote mbili zimelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2003: nje ya eneo lake huruhusiwi kutumia jina.

Lakini mkinibana sana nitawaambia ninayoipenda mimi ni ya Coburg, mji ulio katikati ya hizo mbili. Ndani wanatia yai bichi na nyama kidogo ya ng'ombe, na moto wake ni wa matunda makavu ya msonobari, yale yenye magamba. Utomvu ukiungua unatoa moshi ambao hutausahau. Juu ya paa la ukumbi wa mji kuna sanamu ya Mtakatifu Mauritius ameshika kirungu, na wenyeji wanasema kirungu kile ndicho kipimo cha urefu wa soseji. Mauritius huyu huchorwa kama Mwafrika, na kichwa chake kiko kwenye nembo ya mji. Wanazi waliiondoa nembo hiyo 1934 wakaweka upanga na swastika, 1945 ikarudi. Namna alivyochorwa, midomo mikubwa na hereni, watu wanabishania hadi leo, na mimi niko upande wa wanaotaka abaki lakini achorwe kama mtu.

Bint Pangani

Kisu Kikali umetaja pilipili manga na karafuu bila kutuambia zilifikaje huko. Naomba niongeze upande wa pwani.

Nürnberg na Augsburg ilikuwa miji ya matajiri wa viungo. Viungo vya Bahari ya Hindi viliwafikia kupitia Venice, kwa bei ya kuumiza. Wareno walipofungua njia ya baharini, wafanyabiashara wa Kijerumani, wakiwemo Fugger na Welser wa Augsburg na Hirschvogel na Imhoff wa Nürnberg, wakatia mitaji kwenye meli tatu za msafara wa Francisco de Almeida wa mwaka 1505. Msafara huo ndio uliopora miji yetu: Kilwa mwezi Julai, Mombasa mwezi Agosti, na Mombasa wakaichoma moto. Ndani yake walikuwemo Wajerumani walioandika waliyoyaona, Balthasar Springer na Hans Mayr. Halafu wakaendelea na safari hadi India kununua pilipili.

Sisemi soseji ndiyo ilipora Kilwa. Nasema tu kwamba mtu akikusimulia utamu wa mapishi ya kale ya Nürnberg, sehemu ya hesabu ilipitia kwetu.

Kisu Kikali

Dada hapo umenifunga mdomo. Hii haifundishwi kwenye shule ya bucha.

Mlo_Kamili

Habari za wakati huu. Naona uzi unasifia tu. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, mwaka 2015 liliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana. Gramu 50 kila siku zinapandisha hatari kwa asilimia 18 hivi. Gramu 50 ni Wiener moja. Hiyo chumvi ya nitriti unayoitaja kirahisi ndiyo mojawapo ya wahusika.

Kisu Kikali

Sipingi hata herufi. Ila tueleze na kwa nini iliingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 huko Württemberg watu walikuwa wanakufa kwa kula soseji za damu na ini zilizopikwa nusunusu. Macho yanaona mbilimbili, koo linakauka, pumzi inakata. Daktari mmoja, Justinus Kerner, ambaye pia alikuwa mshairi, alikusanya habari za wagonjwa hao na kuandika juu yake, mpaka akajaribu sumu hiyo kwenye mwili wake. Ndiyo botulismi tunayoijua leo. Bakteria wake wanapenda mahali pasipo na hewa, na ndani ya soseji hapana hewa. Nitriti inawazuia, na hapohapo inaipa nyama rangi ya waridi. Asiye na nitriti lazima awe na baridi ya uhakika au ale siku hiyohiyo.

Weißwurst ya München ni mfano. Ni nyama ya ndama na mafuta ya mgongo wa nguruwe, ndimu, basibasi, majani ya parsili, haina nitriti, ndiyo maana ni nyeupe. Wanasema iligunduliwa Februari 22, 1857 na Sepp Moser, mwenye mgahawa pale Marienplatz, alipoishiwa utumbo wa kondoo akatumia wa nguruwe ulio mnene. Hadithi hiyo ipokeeni kama hadithi. Lakini ile kanuni kwamba isisikie kengele ya saa sita mchana ilikuwa na akili: ilitengenezwa alfajiri, hakukuwa na friji, mchana ilikuwa inaanza kubadilika. Leo inaivishwa na kupoozwa, mtu anaweza kuila jioni, na Mbavaria, yaani mwenyeji wa huko, atakutazama kama umevua nguo. Ngozi yake hailiwi. Unachana na kuichuna, au unafyonza nyama kutoka ndani, na haradali tamu.

Na jambo ambalo ningependa Mlo_Kamili anisaidie kulisambaza: iliyotiwa nitriti isichomwe mkaani. Nitriti kwenye moto mkali inazaa nitrosamini, kemikali zinazohusishwa na saratani. Ndiyo sababu Bratwurst nzuri haina chumvi hiyo. Huku nyumbani tunachoma vitu vya kupasha kwenye maji, soseji nyekundu ya paketi moja kwa moja kwenye mkaa mpaka iwe nyeusi.

Mlo_Kamili

Hilo la mkaa nitalibeba. Hapo tumeelewana.

dogo_wa_Bukoba

Na currywurst mkuu, umeiruka.

Kisu Kikali

Sikuiruka, ni mtoto wa juzi. Berlin, Septemba 4, 1949, mama mmoja anaitwa Herta Heuwer, kibanda chake Charlottenburg, alichanganya nyanya, bizari ya mchuzi na viungo vingine akamwagia juu ya soseji iliyokaangwa na kukatwa. Mji umeharibiwa na vita, watu wana njaa, ikalipuka. Hamburg wanadai ni yao, waacheni. Volkswagen wanatengeneza yao wenyewe kwa ajili ya kantini za kiwanda, ina namba ya kipuri kama bolti: 199 398 500 A. Mwaka 2021 waliiondoa kwenye kantini moja ya Wolfsburg, hadi kansela wa zamani Gerhard Schröder akalalamika hadharani. Mwaka 2023 ikarudishwa.

Kwangu mimi ni sosi inayoficha soseji mbaya. Nimemaliza.

Fundi Nyama Mbeya

Mkuu, heshima kwako. Mimi nina bucha dogo, ng'ombe wanachinjwa alfajiri, saa mbili nyama iko kwenye ndoano, saa kumi imeisha. Sina Kutter, friji yangu ni ya soda. Hiyo sayansi ya barafu na nyuzijoto 12 si ya kwangu. Au kuna njia?

Kisu Kikali

Fundi, wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri, maana una kitu ambacho mabucha mengi ya huku yamekipoteza.

Nyama iliyochinjwa sasa hivi, kabla haijakakamaa, inashika maji yenyewe. Bado ina nguvu ya msuli hai ndani yake na asidi haijapanda. Wajerumani wanaiita nyama ya moto, Warmfleisch. Zamani Bratwurst na Brühwurst zilitengenezwa hivyo: mnyama anaanguka, nyama inasagwa na kutiwa chumvi saa hizohizo. Leo nyama inasafirishwa ikiwa imepoozwa siku kadhaa, nguvu hiyo imekufa, ndiyo wanatia fosfeti ili ishike maji tena. Mabucha machache yanayochinja yenyewe bado yanafanya ya moto, na yanajitangaza kwa hilo.

Wewe unayo kila alfajiri. Usikose muda tu: ng'ombe una saa chache, nguruwe anakakamaa mapema zaidi. Isage na chumvi yake papo hapo. Ikishatiwa chumvi imeshikwa, hata ukiipumzisha kwenye friji ya soda.

Kwa kila kilo, chukua gramu 700 za bega na 300 za kidari chenye mafuta. Chumvi gramu 18 mpaka 20, pilipili manga gramu 3, kungumanga nusu gramu, maji baridi sana kama kikombe cha kahawa. Marjorani ukikosa, acha; usitie kitu cha kufanana nayo. Saga kwa tundu la wastani, kisha kanda kwa mkono mpaka ukigeuza kiganja chini nyama isianguke. Mafuta yenyewe yawe ya baridi, hapo ndipo friji yako ya soda itumike.

Fundi Nyama Mbeya

Utumbo wa mbuzi unafaa? Wa nguruwe wateja wangu hawataki.

Kisu Kikali

Unafaa, ila ni mwembamba na unachanika upesi. Ugeuze, ukwangue ute wote kwa mgongo wa kisu, uoshe kwa maji mengi, uhifadhi kwenye chumvi kavu. Siku ya kazi uloweke kwenye maji vuguvugu mpaka ulainike. Jaza bila kukaza, soseji iweze kupindwa bila kupasuka. Ziivishe kwenye maji ya nyuzijoto 75 mpaka katikati zifike 70, zitumbukize kwenye maji baridi, kisha ndipo mteja wako azichome. Usiuze mbichi kwenye joto la mchana. Na kanunue kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Fundi Nyama Mbeya

Jumamosi nachinja. Nitaleta picha hapa.